Kanyagio la Candiru

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa chini ya meza:
kuokota pini kwa sumaku,
kutia mafuta viungo vya chuma, tone moja, si mawili,
na kuutazama mguu wa shangazi.

Watu wa Arua walimjua kwa uso.
Mimi nilimjua kwa kisigino,
kimepasuka kama kidimbwi kilichokauka,
kisigino kikishuka, vidole vikipanda,
vidole vikishuka, kisigino kikipanda,
gurudumu likizunguka, mkanda ukipiga mluzi,
na huko juu, nisikopaona,
sindano ikizaa kola na mifuko.

Kandambili alizivua. Mguu uliovaa, alisema, hausikii.
Jioni akiniinulia unyayo niupanguse
nilikuta kanyagio limejichapa pale:
miraba, duara, jani moja la chuma.
Kufikia chakula cha usiku, jani limefutika.

Hatua tatu kutoka kwetu alikaa Ezati, mnoa visu,
baiskeli kaitundika juu ya miguu ya chuma,
gurudumu la nyuma haligusi ardhi.
Alikanyaga pedeli tangu asubuhi, jiwe likitema cheche,
mapanga yakaondoka na makali yao,
yeye yuko palepale, mbele ya duka la saruji.

Alipenda kuhesabu.
"Nimefika Pakwach," alitangaza saa nne,
"nimevuka daraja, tembo wananisalimu."
Saa tisa nyani wa Karuma wamempora ndizi.
Jumamosi akaingia Kampala
akalalamika foleni.
Shangazi alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Kisha, Ijumaa moja, ukakatika mkanda.
Sare thelathini na mbili, shule inafunguliwa Jumatatu,
umeme umekwenda tangu juzi,
na fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye cherehani ya kisasa,
ameketi nayo kama anayekesha na maiti.

Ezati hakuulizwa.
Aliipindua baiskeli, akautoa mpira wa ndani,
akauchana utepe mmoja mrefu, mweusi,
akauunga kwa waya.
"Hewa ya nini," alisema, "kwa mtu asiyesafiri?"

"Awadifo," akasema shangazi, na mguu tayari uko kazini.

Jioni tulimsikia akiikokota kwenda kwao, Ediofe,
rimu tupu ikigonga mawe, kwaa, kwaa,
mpaka kilimani, mpaka hatukusikia tena.

Mpira huteleza. Ndiyo maana pindo za mwaka ule
zilipinda kidogo upande wa kushoto.
Gwaride la Jumatatu niliwatambua wote thelathini na wawili
nikanyamaza.

Usiku wa Jumapili, kazi imekwisha, taa imezimwa,
nililala miguuni pake kwenye mkeka.
Blanketi likapanda, likashuka.
Likapanda, likashuka.
Nikalishika, nikaliachia.
Huenda alikuwa darajani.