Silinda ya Tano

Dauphin, Manitoba, mwezi wa pili,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na pikapu ya marehemu Wasyl inamisi.

Haivuti, anasema Olha. Kwenye kile kilima cha kwenda kanisani
inakohoa kama mtu aliyepaliwa,
inatetemeka, halafu inanitazama.
Sikucheka. Najua gari linavyoweza kumtazama mtu.

Gereji ya barabara kuu wamekwisha badili chujio,
wamebadili pampu, wameifumua kabureta na kuifunga tena,
na bili wakaikunja mara mbili ndani ya bahasha.
Kubahatisha nako ni ufundi,
ila karo yake hulipwa na mwenye gari.

Nikafungua boneti. Sikugusa kitu.
Bi Nakijwa, aliyenifunza kazi kwenye karakana ya mkonge, Korogwe,
alikuwa akiegemeza mpini wa bisibisi kwenye mfupa wa sikio,
ncha kwenye injini, macho kayafumba:
Usimpe mgonjwa dawa kabla hajamaliza kulalamika.

Basi nikaiacha ilalamike.
Tuku tuku tuku, pengo, tuku tuku.
Silinda nane, moja haisemi.

Unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja,
mikono ndani ya glavu nene, maana umeme ule hauna adabu.
Wa kwanza: injini ikayumba. Nikaurudisha.
Wa pili ikayumba. Wa tatu.
Wa nne, nusura izime.
Wa tano

hakuna.
Ikaendelea vilevile na pengo lake lilelile,
kama nyumba ambayo mtu kaondoka
na kikombe chake kilikuwa hakihesabiwi tangu zamani.

Nilisimama na ule waya mkononi
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.
Miaka kumi na miwili niko mji huu.
Siku nikichomolewa mimi, sijui nini kitayumba.

Imekufa? akauliza Olha.
Ngoja kwanza.
Nikafungua plagi: imelowa, inanuka petroli mbichi.
Chakula kinafika, moto haufiki.
Nikapima mgandamizo, sindano ikapanda hadi mia na arobaini.
Pumzi anayo.
Waya nao mweusi, laini, ukiutazama utasema wa jana.

Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikawasha.
Zima taa, nikamwambia.

Akazima. Upepo ulikuwa ukigonga mabati ya banda.
Nikanyunyiza maji kidogo,
na pale chini, waya ulipolalia egzosi,
cheche ya buluu. Tena. Tena.
Uzi mwembamba wa umeme ukirukia chuma.
Kumbe ya tano ilikuwa ikiitwa kila zamu yake,
na mwito ukimwagika njiani.

Tangu lini? aliuliza gizani.
Kibanio kimekatika, nikasema, hiki hapa, kina kutu.
Waya ukaangukia kwenye joto, ukaungua upande usioonekana.
Labda tangu kiangazi cha mwaka juzi.

Kiangazi cha mwaka juzi, akasema,
Wasyl alirudi kutoka kuuza viazi
akaniambia gari limepoteza nguvu.
Akasema tena wakati wa mavuno. Akasema Krismasi.
Tulimpeleka kwa daktari wa moyo.
Sote tulidhani ni yeye.

Sikuwa na spana ya hilo.

Waya mpya, dola kumi na tisa. Kibanio nilikikunja mwenyewe
kutoka kipande cha hanga ya nguo.
Nikafunga, nikawasha: nane.
Silensa imetulia hata bilauri ya maji juu ya boneti isingetikisika.

Taa alikuwa bado hajaiwasha.
Alipanda akaketi nyuma ya usukani,
akakanyaga mafuta taratibu, akaachia, akakanyaga,
haendi popote.

Petroli ni ghali msimu huu. Sikusema neno.
Nilikwenda kufungua mlango wa banda kidogo,
moshi upate pa kutokea.