Pazia Jeupe

Hapa Nkuhungu rangi huchagui wewe.
Huchagua upepo,
mwezi wa nane, ukishuka Ntyuka saa tisa mchana
umebeba barabara nzima ya vumbi mgongoni
na kuibwaga sebuleni kwangu bila hodi.

Ndiyo maana kochi langu ni la kahawia.
Zulia, kahawia. Viatu vya kazini, kahawia,
hata kava la simu nililochaguliwa na binti wa dukani kule One Way:
"Mama, hili halioneshi uchafu,"
nami nikamshukuru kama niliyepewa dawa.

Miaka ishirini na sita nanunua kisichoonesha.
Sahani za maua mengi, ili mikwaruzo ijifiche.
Simu ya vitufe,
mpaka Mbeleje, mwanangu, akaona aibu kwa niaba yangu
akaniletea hii ya kupangusa,
kamera tatu kwa uso huu mmoja.

Jirani yangu Nasra alihama na wizara kutoka Dar,
akaja na makochi meupe. Meupe, jamani!
Tulitoka milangoni kuyatazama yakishushwa kwenye Fuso
kama watu wanaomtazama mtu akimwaga maziwa.
Mwezi wa pili akayavika nailoni:
ukikaa yananata, ukiinuka yanalia.
Mwezi wa tano picha zake ziko kwenye kundi la mtaa,
"yanauzwa, bei maelewano."
Nilicheka, nakiri. Kwenye kwaya nilisimulia, nikatia chumvi.

Sasa zamu yangu ya mchezo imefika,
laki nne na nusu, noti zikinuka karanga
kwa kuwa ndiyo biashara ya mweka hazina wetu.
Nyumbani kila mtu amekwisha kuzitumia.
Mbeleje anataka king'amuzi na kifurushi cha mpira.
Mwaluko, mume wangu, simtanki la lita elfu,
maana maji ni Jumanne na Ijumaa,
na Ijumaa nyingine ni jina tu.
Ana haki. Ana haki siku zote,
ndicho kinachochosha.

Sabasaba, mabelo yakifunguliwa,
nilikwenda kutafuta shuka za kahawia.
Mkono ukazama kwenye rundo, ukagusa kitu baridi,
ukavuta, kikaja, kikazidi kuja, mita nne:
pazia jeupe, zito, la hoteli ya ughaibuni,
lina alama ndogo ya pasi kwenye pindo.
Mtu aliwahi kulijali.
"Elfu thelathini na nane," akasema kijana,
kisha huruma ikamshinda:
"Lakini mama, kwa Dodoma hii? Chukua hili la udongo."
Sikupunguziwa. Sikuomba.

Na tanki nilinunua, la lita mia tano.
Mwaluko akalipigapiga ubavu, akaridhika,
akawaambia wapita njia kwamba mkewe ana akili.
Hajui tanki lile ni la nani.

Kufikia Jumatano pazia lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.
Nimepiga hesabu: ndoo tatu za kufua, mbili za kusuuza,
na bluu kijiko kimoja, kisichojaa.
Nasra alipita, akasimama dirishani. Hakucheka.
Alishika pindo kwa vidole viwili,
kama anayepima unga.
"Utachoka," akasema.
"Nitachoka," nikasema.
Akakaa. Kwenye kochi la kahawia. Nikamimina chai.

Lakini alfajiri, upepo haujaamka,
nina kama saa moja hivi ya peke yangu.
Jua hupita kwenye kitambaa
na kila kitu sebuleni kinaonekana:
mkwaruzo wa sahani chini ya ua,
kochi lilipopauka, doa la uji la mwaka juzi,
mikono yangu hii.
Navitazama. Sivifichi.

Kisha nausikia, mbali, upande wa Ntyuka,
unaanza na mabati ya wengine.