Kaijage Hajui Kucheza

Tulimaliza saa tisa usiku. Sikwenda nyumbani.
Nilibeba gitaa hadi bandarini, nikaketi juu ya gunia la mtu
nikitafuna karanga, nikingoja meli ya Bukoba.
Uzi wa nne wa besi ulikatika kwenye wimbo wa tatu,
usiku mzima nikaumaliza kwa nyuzi zilizobaki,
na hakuna aliyegundua ila mpiga tumba, naye alicheka tu.

Kaijage akashuka wa mwisho.
Lile bega la kushoto, lisilojua mzigo mwingine
zaidi ya sanduku la domo la bata,
limebeba mkungu wa ndizi.
Miaka kumi na mmoja. Sikuuliza kitu.
Nikapokea ndizi, yeye akapokea gitaa,
tukaelekea Mabatini mdogo mdogo,
naye akisimama kila baada ya nguzo mbili za umeme
eti anatazama mawe.
Mawe ya Mwanza anayajua tangu hatujaota ndevu!

Fundi baiskeli alikuwa ndiyo anafungua.
Uzi wa besi bei yake yapita malipo ya Jumamosi,
kwa hiyo mimi hununua waya wa breki.
"Wa mbele au wa nyuma, mzee?"
"Wa nyuma. Besi hukaa nyuma."
Kaijage akacheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi fundi akamletea kigoda.

Ndipo aliposema: "Daktari kanipa hiari,
kupuliza au kupumua."
Na domo la bata?
"Nimewauzia kwaya, kule Kamachumu.
Limeokoka kabla yangu."

Nyumbani Nyamizi alikuwa na sato wawili jikoni.
Kaijage akatoa senene mfukoni, wakabishana kama zamani
nani anakula wadudu na nani anatafuna michembe.
Tukazirudia safari:
Tarime, tumelala juu ya spika, turubai linavuja;
Geita, mwenye ukumbi katoroka na kiingilio,
watu saba tukalipwa jogoo mmoja;
Nansio, jenereta likaishiwa mafuta
na watu wakagoma kwenda kulala,
Kaijage akapuliza gizani peke yake
hadi wavuvi wa dagaa wakarudi na karabai zao,
tukaziona sura za waliokuwa wakicheza.
Wale saba tuliwataja mmoja mmoja,
wanne kwa sauti ya chini.

Jioni ile, Kirumba, ukumbi ulijaa mapema.
Magesa fundi cherehani, viatu vya rangi mbili,
alipangusa soli kwa leso kabla ya kukanyaga sakafu.
Wauguzi wa Bugando walikuja bado wananukia dawa.
Lugwisha na aliyekuwa mkewe: mahakama iliwatenganisha,
ila rumba haikupelekewa hati.

Sisi tumewachezesha watu miaka thelathini.
Wenyewe hatujawahi. Mikono ina kazi.
Kwa hiyo Kaijage alipomshika Nyamizi kiuno, nikatoa macho.
Si wivu. Mungu wangu, hajui kucheza!
Miguu ya mtu anayetafuta kandambili gizani.

Lakini wimbo ulipofika pale, baada ya ubeti wa pili,
pale pake,
alisimama katikati ya sakafu.
Kifua kikajaa. Mashavu yakatuna kidogo.
Vidole vikatembea mgongoni mwa Nyamizi
vikibonyeza vitufe visivyokuwepo,
na Nyamizi akatulia, maana wimbo ule anaujua.

Kijana wa solo alitaka kuingia. Nikamkanyaga mguu.
Tukapaacha wazi, besi na tumba zikipita chini kwa chini,
mpaka Kaijage aliposhusha mabega
akaendelea kumkanyaga mke wangu.

Waya wa breki haukukatika.
Alfajiri, akivua viatu, aliniambia:
"Mkeo mzito kucheza. Mwambie ajifunze."