Kayamba Mkobani

Mzee Vrajlal, mfamasia wa Barabara ya Narborough,
kazaliwa Mbale; Kiswahili chake cha kaunta
bado kinanuka bizari na mafuta ya taa.
"Dada, acha dawa ndani ya chupa yake.
Tena beba mkononi. Sanduku ikipotea
Istanbuli huko, wewe takula nini?"
Akabandika lebo, akaisugua kwa dole gumba:
jina langu, la baba na la babu,
na chini yake: kimoja, kila usiku.

Nikamshukuru. Nikaenda nyumbani nikamwasi.

Miaka kumi na moja vidonge vyangu vimeishi
ndani ya kopo la chai ya tangawizi,
juu ya kabati, nyuma ya sahani za wageni.
Watu wana majina yao: mdudu, umeme, ngoma.
Mimi sikuupa jina. Ikifika saa tatu usiku
nameza, nasukutua, naangalia habari,
mvua ya Leicester ikigonga dirisha
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Usiku wa safari nikamimina dozi kopo moja,
chupa nikazitupa kwenye mfuko wa taka.
Nikalala. Sikulala.
Siku arobaini Tanga, na kopo lisilo na jina;
nani atanisadiki?
Saa nane nimepiga magoti jikoni
nachambua taka zangu mwenyewe,
chupa tatu, moja imeshika ganda la yai.
Nikavirudisha vidonge. Lakini vinalia, hivi,
ukitembea vinapiga kayamba,
basi nikashindilia pamba hadi vikanyamaza.

Birmingham, uwanjani, alfajiri.
Nyuma yangu kwenye foleni, nani? Bi Saumu,
mweka hazina wa upatu wetu,
anayejua nani kachelewa kulipa, na kwa nini.
Kabeba blenda mbili za harusi
na salamu ndefu. Nikamwitikia kwa kifupi.

Mkanda ukasimama.
"Mkoba huu wa nani?"
Kijana, beji yake Gethin, masikio mekundu kwa baridi.
Akatoa kanga. Akatoa ubani. Akatoa chupa,
moja, mbili, tatu, juu ya meza ya chuma.
Akavuta pamba, nayo ikaja, ikaja,
ile ile tunayomzibia maiti pua.
Halafu, Mola wangu, akaitikisa chupa.

Kayamba.

Akasoma lebo kwa sauti, jina langu
akalikata mapande matatu, yote kombo.
Akatazama pasipoti. Akanitazama.
"Ni wewe huyu?"
Lilikuwa swali la kazi tu, anauliza watu mia kwa siku.
Mimi sijawahi kuulizwa.
"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."
"Safari njema," akasema, na kumwita mwingine.

Nikageuka kukusanya vyangu.
Bi Saumu alikuwa ameinama
anafunga kamba za viatu.
Alifunga taratibu, akarudia, akakaza fundo
hadi zipu yangu ilipofika mwisho.
Ndipo akainuka, mkono kiunoni, akilaumu mgongo.

Nilikuwa nimefika kwenye viti vya kusubiria
nilipokumbuka miguu yake:
soksi za sufu, na makubadhi.
Makubadhi hayana kamba.

Usiku, angani, kusini mwa Istanbuli,
saa yangu bado ya Leicester: saa tatu.
Mhudumu akapita na maji.
Bi Saumu akachukua vikombe viwili,
kimoja akakisukuma upande wangu,
akaendelea kulalamika bei ya blenda.

Pamba niliiacha kwenye meza ya Gethin.
Ndege ikaingia mawinguni, ikatikisika,
na chini ya kiti mkoba wangu
ukalia, ukalia, abiria wote wakisikia.