Punje Kumi

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja Jumanne, na faili,
na pishi ya choroko.

Akatandika mkeka ukumbini mwa skuli, hapa Wingwi,
akapanga sahani saba za bati:
tangi la maji, chumba cha wazazi;
dawa za sukari; miwani ya wazee;
mipira ya gari ya wagonjwa;
nyengine sikuzisoma.
"Fedha ndizo hizi, hazizidi.
Kila mtu punje kumi. Pangeni nyinyi."

Choroko ni nyepesi, kumi hazijai kiganja.
Siku ile mkono uliniuma.

Mie nilikuja na langu.
Shaame wangu ana sukari, mwaka wa sita huu;
kidole kimoja cha mguu kimeshakwenda,
cha pili kinangoja zamu.
Zote kumi kwake, niliapa njiani.

Mbele yangu Bikombo binti Faki,
mimba ya miezi minane, hasemi.
Mara ya kwanza alijifungulia kituoni
mkunga akinawa kwa chupa ya maji ya kunywa
aliyokwenda nayo mzazi mwenyewe.
Akaziweka zote tangini,
moja moja, kama alipaye deni.

Mkono wangu ukapotea njia.
Saba kwa Shaame. Mbili tangini.

Mara kuku akaingia,
akadonoa sahani ya miwani.
Mzee Hamad, asiyeona ng'ombe hatua tatu,
ndiye aliyemwona kuku:
"Kura zangu hizo!"
Afisa akacheka: punje mbili tatu si kitu.
"Si kitu kwako," akasema Mize wa dukani. "Hesabu upya."
Tukahesabu upya, tukamlipia kuku,
na hapo nikaanza kuamini kidogo,
si afisa,
sisi.

Maana faili lake lilikuwa wazi,
nikaona orodha imeshapigwa chapa,
ya kwanza hadi ya saba.
"Na hiyo?"
"Rasimu tu, mama."
Rasimu. Neno safi kama shuka jeupe,
hujui limefunika mgonjwa au maiti.

Tangi lilipata mia mbili na arubaini.
Sukari ikawa ya tatu; fedha zilikatikia ya pili.
Mize akachukua mkaa
akaandika hesabu yote ukutani mwa kituo,
herufi kubwa, hata Mzee Hamad azione.
Choroko tukagawana.

Usiku nikamwambia Shaame:
nimekupunguzia tatu, kwa mkono wangu huu.
Akauvuta mguu ndani ya shuka.
Alikuwa karani wa karafuu, hesabu haimpiti.
"Zimekwenda wapi?"
Mbili kwa Bikombo.
"Na ya tatu?"

Nikampakulia mchuzi, choroko kwa nazi.
Imo humo, nikamwambia.
Kula taratibu.