Chai ya Rangi

Kwanza chai. Vijiko sita vya majani, maji kikombe kimoja,
chungu hata Nerys, anayekunywa chai kama anadaiwa,
aliionja akatema.
Si ya kunywa, nikamwambia. Ni ya kupaka.

Ubao ni wa mwaloni. Ulikuwa kiti
katika kanisa la Bethania, kule mlimani Tredegar,
hadi walipoliuza liwe fleti nne.
Pauni kumi na tano, ubebe mwenyewe, na mvua hiyo.
Miaka mia na ushei ulikaliwa na suruali za Jumapili
za wachimba makaa.
Mimi nikauchora kiuno, nikaukata mabega na pembe mbili,
nikaupiga msasa, wa themanini, wa mia na ishirini,
nikaulowesha: nyuzi za mti zikasimama
kama malaika ya mkono penye baridi.
Nikazipiga tena, zikalala.

Chai ikakauka. Ubao ukawa na sura
ya mtu aliyeamka vibaya, basi.
Halafu siki, ya duka la chipsi la marehemu baba,
iliyolazwa wiki nzima na waya wa kusugulia sufuria
ikautafuna wote, ikanuka sarafu.

Kitambaa cha fulana kuukuu. Taratibu, kufuata nyuzi.
Penye mkato ndipo penye kiu zaidi.
Kahawia, kisha rangi ya jeraha la juzi, kisha
nyeusi, mbele ya macho yangu, sijaongeza kitu,
kama mtu aliyelikumbuka jina.

Isipokuwa mahali pamoja,
pale nilipotia penseli nitoboe tundu la kitufe cha sauti.
Rangi iligoma. Nikapaka tena, ikagoma.
Mstari umesimama wima. Kando yake mwingine, wenye kiwiko.
Kumi na nne,
nyeupe kama mfupa.
Mtu aliichonga namba, mtu mwingine akaiziba kwa puti,
akaisawazisha hata vidole vyangu visijue.

Ya kale hayanuki, husemwa.
Haya yalinuka siki gereji nzima.

Idwal wa nyumba ya pili aliingia kuazima koleo.
Akasimama. Akavua kofia, sijui kwa nini.
"Viti vilikuwa vya kulipia," akasema, "kila miezi mitatu.
Ukishindwa, waliiziba namba yako,
ukakae roshani na wapita njia."
Nikamuuliza, kumi na nne ilikuwa ya nani?
Akaniuliza koleo liko wapi.

Msasa wa arobaini ungeiondoa kabla chai haijapoa,
ile nyingine, ya kunywa, aliyoniletea Nerys.
Niliinywa yote nikiitazama.

Asubuhi nikafuta alama ya penseli,
nikalisogeza tundu inchi mbili kuelekea ukingoni.
Mkono utalizoea.
Kisha mafuta, tabaka la kwanza, jembamba.