Nasuri

Mfongo wetu ukibomoka, huku Uru,
hakuna anayeuliza nani aliyeutoboa.
Baragumu hulia kabla ya jua,
wanaume hushuka na majembe, wanawake na magome ya mgomba,
na anayebaki kitandani hutozwa debe la mbege.

Aikande alibomoka mwezi wa tano.
Baragumu halikulia.

Mimi ndiye mama mkwe. Mimi ndiye niliyesema bado.
Jumatatu usiku nikasema bado, uzazi wa kwanza hauna haraka.
Jumanne nikasema bado, Kiwia mwenyewe alinitesa siku mbili.
Jumatano masika yalikuwa yamekula barabara,
pikipiki ya Ndelilio ikazama nusu gurudumu,
tukambeba juu ya ngazi ya kuchumia parachichi,
blanketi chini, mwavuli juu, yeye kimya katikati.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi.
Sina jingine la kusema juu yake.
Mtori nilioupika nikamwagia ng'ombe.

Siku ya tano mkojo ukaanza kujitokea wenyewe,
mchana, usiku, amesimama, amelala,
kama bomba la shule lililokatika koki.
Nikaenda Kiboriloni, nikanunua mashuka ya mitumba,
nikayachana vipande, nikadhani nimesaidia.
Akaacha kunywa maji. Akaacha chai.
Kanisani akahamia benchi la nyuma,
kisha mlangoni, kisha nyumbani.
Na kadiri alivyojinyima maji
ndivyo yale machache yalivyomuunguza.

Nilimwambia afulie mwisho wa mfongo,
chini ya watu wote, maji yakishachoka.
Alitoka gizani, akarudi gizani.
Kiwia akaenda Arusha kutafuta kazi;
simu yake nayo ikaenda.
Majirani walisema laana.
Mimi sikusema laana.
Wala sikusema kwamba si laana.

Aliyekuja ni Nkasaria, muuza dagaa.
Akatua ungo, akaketi kitandani pale pale penye unyevu,
hakugusa pua yake.
Akasema, "Mimi miaka tisa.
Niliuza dagaa ili harufu ipate pa kujificha."
Aikande akacheka. Jamani, akacheka,
na mimi mlangoni na kikombe changu, sijui nikiweke wapi.

Mjini, daktari binti mdogo alituchorea nyuma ya bahasha:
hiki kichwa cha mtoto, huu mfupa wa nyonga,
kibofu hapa katikati, kimebanwa siku mbili,
nyama ikakosa damu, ikafa, pakabaki tundu.
"Si laana, mama. Ni kuchelewa."
Kisha akataja jina lake, nasuri,
na sikio langu bovu likasikia nusuru.
Nikaitika, "Ndiyo, mwanangu. Mnusuru."

Wodini walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na mpira wake na ndoo yake.
Mmoja wa Simanjiro alikuwa na miaka kumi na sita
na hajawahi kulala kitanda kikavu tangu aolewe.
Walisukana nywele. Walibishana juu ya chumvi.
Na wote waliamriwa jambo moja: kunywa maji, kunywa, kunywa tena.

Si wote walipona. Nkasaria ameshonwa mara mbili
na akikohoa bado anavuja kidogo.
Hupenda kusema, "Kidogo changu ni changu."

Sasa binti wa Eliamani ana mimba ya miezi minane.
Nauli ya gari iko kwenye kopo la kahawa, juu ya kabati,
na baragumu la marehemu mume wangu
nimelishusha darini, nimelifuta vumbi.

Usiku ule tuliporudi sikulala.
Nilinyata hadi kitandani kwake, nikapeleka mkono chini ya shuka,
kama nilivyozoea, kwa kuogopa.
Pakavu. Nikapapasa tena. Pakavu.
Kumbe alikuwa macho.
"Unatafuta nini, mama?"
Nikasema, kiberiti.